Maji ya Wenyeji wa Kigwa



Tulifika Kigwa, mashariki ya Tabora, mwishoni mwa kiangazi: miombo imepukutika, mbuga zimekauka, na mvua haitarajiwi kabla ya Novemba. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo ilipita njia hii ikibeba nguo na shanga, ikarejea na pembe za ndovu na, la kusikitisha, watumwa. Iliishi kwa nafaka na maji ya wenyeji. Leo Wanyamwezi wanakaa hapo pamoja na Wasukuma wenye ng'ombe wao.

Sisi tulikwenda kufundisha. Alfajiri tukatawadha kwa maji tele, kisha tukatambua kuwa ndoo zile mama mwenyeji wetu, asiyekuwa Mwislamu, alizifuata kisimani usiku. Hakusema neno. Tuliona haya. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa kibaba kimoja, hadithi hiyo tumeisoma kwa Kiarabu, na tukaisahau mbele ya ndoo.

Jioni tulikwenda kisimani wenyewe. Basi ndugu zetu, mwenye kwenda kulingania na aulize kwanza maji yanatoka wapi.

Wabillahi tawfiq.