Utendaji wa Kijiji Hauombwi Tawini

TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI

Haya ni maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa Jumapili. Yanatumwa kwa ajili ya ambao hawakufika. Mwenye simu amsomee asiye nayo.



Nina mambo mawili, na yote yanahusu ajira kwenye serikali za mitaa. La kwanza, vijana wetu watatu wameitwa kwenye usaili wa utendaji wa kijiji. Hongera kwao. La pili, kijana wetu mwingine anayekusanya ushuru ametakiwa kutoa maelezo kuhusu makusanyo ambayo hayakufika benki. Kwa mambo yote mawili nimeombwa barua yenye muhuri wa tawi. Kamati ilikaa Ijumaa na tumekubaliana kwamba barua haitaandikwa. Naeleza sababu, ili watu wasizipate kwa njia ya majungu.

Nianze na usaili. Wengi wetu tunachanganya watu wawili. Mwenyekiti wa kijiji anachaguliwa, na chama kinamsimamisha. Mara ya mwisho tulipiga kura hizo tarehe 27 Novemba 2024. Mtendaji wa kijiji hachaguliwi. Ni mtumishi wa umma, anaajiriwa kwa sifa. Awe na kidato cha nne au cha sita, pamoja na cheti cha fani kama utawala, sheria, maendeleo ya jamii au usimamizi wa fedha, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, Dodoma, au chuo kingine kinachotambulika. Maombi yanapita kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Hakuna ada ya kuomba. Anayekuambia utoe kitu kidogo ili jina lako lisogezwe juu ni tapeli, hata kama amevaa sare ya chama.

Na kazi yenyewe si ya kukaa kivulini na kugonga mihuri. Mtendaji ndiye katibu wa halmashauri ya kijiji, ile yenye wajumbe kati ya 15 na 25. Ndiye anayeandika muhtasari, anayesimamia mipango ya kijiji, anayepokea malalamiko ya mipaka ya mashamba saa kumi na mbili asubuhi kabla hajanywa chai. Mapato na matumizi ya kijiji yakisomwa kwenye mkutano mkuu, yeye ndiye anayeulizwa. Atamhudumia aliyempigia kura mwenyekiti na asiyempigia. Kadi yako ya chama unaweza kubaki nayo, lakini ukifungua mlango wa ofisi unaiacha nje.

Sasa fikirieni. Mtendaji akiingia kwa barua ya tawi, siku diwani wetu akitaka fedha za kijiji zitumike kinyume, huyo mtendaji atakataa kwa nguvu gani? Atakumbushwa nani alimwandikia. Tutakuwa tumemfunga kamba kabla hajaanza kazi.

Mzee wetu mmoja aliniuliza kwenye Kamati: “Katibu, sasa chama kina faida gani kama hakiwezi kumsaidia mtoto wetu?” Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba tunaweza kumsaidia mtoto bila kumwombea upendeleo. Jumanne na Alhamisi jioni, saa kumi na moja, nitakaa na hao watatu ofisini. Tutapitia Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, namba 7 ya mwaka 1982, na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, namba 9 ya mwaka huohuo. Tutafanya mazoezi ya kujibu maswali. Kijana yeyote mwingine mwenye nia aje, hata asiye mwanachama.

Jambo la pili ni zito zaidi.

Kijana wetu simtaji jina, na naomba asitajwe kwenye makundi. Bado hajahukumiwa na yeyote. Lakini nimesikia wanachama wakisema, “Ni hela ndogo, angerudisha tu, wanamwonea kwa sababu ya chama chake.” Maneno hayo nayajua, kwa sababu niliwahi kuyasema mimi.

Nilikuwa na miaka 26, stashahada yangu ya uhasibu bado inanukia wino. Nilipata kibarua cha kukusanya ushuru wa soko. Wakati ule hakukuwa na mashine, tulitumia vitabu vya stakabadhi. Jumatano moja mtoto wangu alilazwa, na mfukoni sikuwa na kitu. Nilichukua shilingi 45,000 kwenye makusanyo. Nikajiambia Jumatatu nitazirudisha, maana nilikuwa na mtu ananidai mimi nimdai. Mkaguzi wa ndani akaja Ijumaa.

Niliuza baiskeli nikalipa wiki ileile. Mkataba wangu haukuendelezwa. Miaka mingi nilisimulia kwamba nilifanyiwa fitina. Ndugu zangu, sikufanyiwa fitina. Nilisoma miaka miwili kwamba fedha ya umma inapelekwa benki kwanza, ndipo itumike kwa utaratibu, na nilitumia fedha mbichi kwa mkono wangu. Mtoto kuumwa ni kweli, na kosa ni kweli. Moja halifuti jingine. Aliyetoa ushuru ule alikuwa mama muuza nyanya, na hakunikopesha.

Nimelisema hili leo kwa mara ya kwanza mbele yenu. Anayeona kwamba mtu wa namna hiyo hafai kushika vitabu vya tawi, alete hoja kwenye kikao kijacho. Vitabu viko wazi kukaguliwa kuanzia kesho.

Kwa kijana wetu, tawi litafanya hivi. Nitakaa naye tupange kumbukumbu zake: taarifa za mashine, risiti, karatasi za benki, siku kwa siku. Kama hesabu inamsafisha, karatasi hizo zitamtetea kuliko muhuri wetu. Kama haimsafishi, atasema ukweli mapema na ataanza kulipa. Aliye na mchango wa kumsaidia familia yake kipindi hiki amwone Mweka Hazina. Huo ni udugu. Barua ya kumtisha mkaguzi si udugu.

Mwisho, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mtu mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea anayeishi hapa. Safari iliyopita tulijaza viti vya mkutano wa kampeni, lakini siku ya kusomewa mapato na matumizi tulifika wachache. Tukitaka watendaji waadilifu, tuwepo wanaposoma hesabu, tuwasikilize, tuwaulize.



Imetolewa na:
Katibu wa Tawi