Kabla ya Kuuza Ng'ombe: Maneno Juu ya Shule za Mtaala wa Uingereza

(Mazungumzo yetu na vikundi vya kujisaidia, siku ya mkutano wa pamoja)

 

Mkutano uliopita mlituuliza juu ya hizi shule za kibinafsi za Kikristo, zile za kutwa, zinazofundisha kwa mtaala wa Uingereza. Basi la mojawapo linapita hapa barabarani kila asubuhi, na wengi wenu mnalitazama. Hatukuja kuwakataza. Tumekuja kuwaambia lililotupata sisi.

Mwaka 2012 mwanachama mmoja wa kikundi chetu alimpeleka binti yake katika shule ya namna hiyo. Aliuza ng'ombe wawili, na kikundi kikamkopesha zilizobaki. Akina mama watatu walimdhamini. Na kweli, mtoto alifunzwa vizuri. Alisoma vitabu, akasema Kiingereza bila woga, akawa na adabu. Sote tulijivuna.

Halafu ukaja ukame wa mwaka 2017. Mahindi yakakauka, na karo haikungoja mvua. Mwaka 2018 mtoto akatolewa. Sisi tulidhani ataingia tu Kidato cha Kwanza. Mwalimu mkuu wa shule yetu akatuuliza, "KCPE yake iko wapi?" Hakuwa nayo, kwa sababu kule hawakuifanya. Ikabidi akae na watoto wa darasa la saba. Insha yake ya kwanza ya Kiswahili alipata alama 6 kati ya 40. Mtoto alilia, na mama yake pia.

Wale wadhamini watatu walilipa deni kwa mbuzi na kuku wao. Mmoja aliacha kuja mikutanoni kwa mwaka mzima. Hatuilaumu ile shule, maana haikutudanganya. Ni sisi ambao hatukuuliza.

Sasa, shule hizi ni nini? Mtaala wa taifa wa Uingereza uliletwa na sheria ya kule ya mwaka 1988. Mtoto huanza Mwaka wa Kwanza akiwa na miaka 5, na akimaliza Mwaka wa 11 ana miaka 16. Hapo hufanya mtihani unaoitwa IGCSE. Akiendelea miaka miwili zaidi, hufanya A-level. Mwaka wao wa masomo huanza Septemba, si Januari kama wetu. Mitihani hutoka kwa bodi za Uingereza, kama Cambridge au Pearson Edexcel, na ada hulipwa kwa kila somo. Bodi hupanga ada hiyo kwa pauni, kwa hivyo shilingi ikianguka, wewe mzazi unalipa zaidi.

Wazee hapa wanajua kwamba jambo hili si geni. Wengine wenu mlifanya mtihani wa Cambridge. Baraza letu la mitihani, KNEC, liliundwa mwaka 1980. Mfumo wa 8-4-4 ukaanza 1985, na A-level ya serikali ikaisha 1989. Tangu hapo njia ya Uingereza imebaki ya shule za kibinafsi, na mzigo wake ni wa mzazi.

Faida ziko. Vyeti hivi vinatambuliwa katika nchi nyingi. Vyuo vikuu vyetu pia hupokea mwenye A-level aliyepita vizuri masomo mawili makuu. Lakini sikilizeni hapa: kwa kawaida IGCSE peke yake haitoshi kuingia digrii. Mzazi akiishiwa na pesa Mwaka wa 11, mtoto amesimama katikati ya daraja.

Na lile neno "Kikristo" kwenye kibao? Shule nyingine ni ya kanisa, nyingine ni ya mtu mmoja au kampuni. Ibada ya asubuhi ni jambo jema, lakini haipunguzi karo.

Basi kabla ya kuuza ng'ombe, ulizeni haya:

1. Je, shule imesajiliwa? Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inataka kila shule isajiliwe, hata ya kibinafsi. Omba kuona cheti. Uliza pia kama walimu wameandikishwa na TSC.

2. Inafika darasa gani? Kama inaishia Mwaka wa 6 au wa 9, mtoto ataenda wapi? Na mtihani wa IGCSE ataufanyia wapi?

3. Gharama zote ni ngapi? Si karo tu. Kuna basi, chakula, vitabu, yunifomu na ada ya mtihani. Waandike kwenye karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

4. Kiswahili kinafundishwa mara ngapi kwa wiki? Kwa yule binti kilikuwa mara moja tu.

5. Akirudi shule ya serikali, ataingia gredi gani? KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Siku hizi kuna tathmini ya Gredi ya 6 na ya Gredi ya 9. Nendeni ofisi ya elimu mkaulize kabla ya kumhamisha, si baada.

6. Mvua ikikosa misimu miwili, nani atalipa? Kama jibu ni "Mungu atajua", bado hujapiga hesabu.

Sisi tulibadilisha sheria za kikundi. Mkopo wa karo sasa ni wa muhula mmoja mmoja, na hauzidi akiba ya mwanachama mwenyewe. Hakuna mdhamini anayeweka mifugo yake kwa karo ya mtoto wa mwingine. Wengine walisema tumekuwa wagumu. Lakini yule mama aliyetuacha amerudi, na sasa ndiye mtunza hazina wetu.

Na binti? Alifanya KCPE mwaka 2019, akamaliza Kidato cha Nne mwaka 2023. Kile Kiingereza hakikupotea. Kila Jumamosi anawasomesha watoto wetu vitabu chini ya mwembe, na hatozi hata shilingi. Basi hata sisi hatuwezi kusema pesa zile zilitupwa. Tunasema tu kwamba zilitumika bila kuuliza, na kuuliza si ujinga.

Sasa leteni maswali yenu.