Permi Inatoka Kindu, Barabara Iko Kabambare

Leo kipindi hiki cha historia kinafuata swali moja: ni nani mwenye mamlaka ya kusema kwamba kijana huyu sasa ni dereva?

Sheria ya Kongo ina jibu tangu tarehe 30 Agosti 1978, siku Rais Mobutu alipotia saini Sheria namba 78-022, yaani Kanuni Mpya ya Barabara, ambayo hadi leo ndiyo msingi. Hakuna ruhusa ya kuendesha chombo cha moto kwenye barabara ya umma bila permi, yaani leseni ya udereva, na permi yenyewe iwe ya aina ya chombo hicho: moto, yaani pikipiki, ina yake, gari dogo lina yake, lori lina yake. Kwenye karatasi, Kinshasa na Kabambare ni kitu kimoja. Njiani mambo ni mengine, na asili yake ni ya zamani kuliko gari.

Katika karne ya 19 njia kuu ya kusini mwa Maniema, mkoa wetu, ilikuwa njia ya misafara. Ilitoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare, ikaingia Kasongo na kufika Nyangwe kando ya Mto Lualaba. Ndiyo njia ya pembe za ndovu, na ndiyo njia ya machozi ya watumwa, hayo hayatenganishwi. Mbele ya msafara alitembea kirangozi. Yeye ndiye aliyejua maji yako wapi, mto gani haupitiki wakati wa mvua, na chifu gani atadai hongo kabla ya kufungua njia. Hakupewa kazi kwa cheti. Wenye mali walimchukua kwa kuwa alikwisha kwenda na kurudi, na watu wa Ujiji na wa Kasongo walikuwa mashahidi wake.

Mwaka 1893 majeshi ya afisa wa Kibelgiji, Dhanis, yaliiteka Kasongo, na utawala ukabadilika. Mizigo ilibaki vichwani mwa watu kwa miaka mingi bado. Reli ya Kindu hadi Kongolo ilipojengwa, ilipita magharibi ya Lualaba, kwa Kibombo na Samba, ikaiacha Kasongo ng'ambo. Kisha mwaka 1917 wakoloni walianza kuwalazimisha wanavijiji kulima pamba, na Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kubeba mzigo huo. Pamba haitembei yenyewe. Ilihitaji barabara, na barabara zilichimbwa kwa jembe na kwa amri, na wenyeji haohao. Nyuma ya barabara yakaja malori, na nyuma ya malori likaja swali letu.

Hapa historia inashangaza. Ubelgiji, iliyokuwa ikitawala nchi hii, yenyewe ilianza kuwadai raia wake leseni ya udereva mwaka 1967 tu. Mtihani wa sheria za barabara ukafuata mwaka 1969, na mtihani wa kuendesha mbele ya mkaguzi mwaka 1977. Waingereza walikuwa na leseni tangu mwanzo wa mwaka 1904, lakini walikaa zaidi ya miaka thelathini bila mtihani, hadi tarehe 1 Juni 1935. Basi Kanuni ya Mobutu ilikuja mwaka mmoja tu baada ya Mbelgiji kuanza kupimwa kwenye usukani. Anayedhani kwamba Ulaya ilizaliwa na mtihani mkononi na Afrika ikachelewa, atazame tarehe hizo upya.

Kusini mwa Maniema shule ya udereva ilikuwa juu ya lori lenyewe. Mwanafunzi aliitwa boi-shofa. Alilala juu ya magunia ya mpunga na madumu ya mafuta ya mawese, akaamka kabla ya dereva, akakagua maji na oili. Lori lilipopunguza mwendo mlimani, aliruka chini akikimbia na gogo mkononi ili alitie nyuma ya tairi kabla mzigo haujalivuta gari kurudi bondeni. Kwenye daraja la miti alitangulia kwa miguu, akasogeza gogo moja baada ya jingine yaendane na upana wa magurudumu, kisha akarudi nyuma, akiwa amemkabili dereva, akimwongoza kwa viganja viwili: kushoto kidogo, nyoosha, simama. Dereva hakutazama daraja. Alitazama mikono hiyo.

Miaka ilipita hivyo. Siku moja, mahali palipo tambarare, mkubwa wake alimwachia usukani, baadaye na kilima, mwisho na kivuko cha Lualaba, ambapo kosa la kukanyaga breki huishia mtoni. Mwenye lori aliporidhika, ndipo karatasi ilipotafutwa. Kwa maneno mengine, mtihani ulitangulia, permi ikafuata, na mtahini alikuwa mtu ambaye mali yake ingezama kama angepasisha mjinga. Mfumo huo ulikuwa na ukatili wake: wako walioanguka kutoka juu ya mizigo, wako waliotumikishwa muda mrefu kwa chakula tu. Hata hivyo ulifundisha kuijua njia yenyewe, jambo ambalo ofisi haijalifundisha mpaka leo.

Halafu vikaja vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998. Barabara zilimezwa na msitu, malori yakapungua hata vijiji vikasahau mlio wake, na watu wakasukuma baiskeli zenye mizigo kwa siku nyingi mfululizo. Mnyororo wa boi-shofa na mkubwa wake ulikatika. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa, MONUC, uliundwa mwaka 1999 na baadaye ukafika Maniema, nao ulikuja na kanuni yake: mfanyakazi hagusi gari lao mpaka afaulu jaribio lao wenyewe, hata kama ana leseni ya nchi yake. Kwa mara nyingine dereva alipimwa na mwenye gari.

Usafiri uliporudi, ulirudi kwa magurudumu mawili. Leo anayetoka Kabambare kwenda Kasongo, au Kasongo kwenda Kindu, mara nyingi yuko nyuma ya motari, yaani dereva wa moto, juu ya pikipiki ya TVS. Motari huyo amejifunza wapi? Kwa rafiki, uwanjani, jioni baada ya kazi. Wiki chache baadaye amebeba mama na mtoto na gunia. Hakuna aliyetangulia mbele yake na kumwonyesha viganja.

Kwa nini asitafute permi? Ofisi za mkoa ziko Kindu. Kutoka Kasongo ni kama kilomita 240. Kutoka Kabambare zinapita 300. Kijana aache kazi, alipe safari, alale mjini, alipe ada, arudi kwenye njia ileile ambayo aliiendesha bila permi ili afike. Akisimamishwa na polisi wa rulaje, yaani wa barabarani, anaombwa karatasi ambayo serikali haikumletea karibu. Kosa analo, kwa maana anabeba roho za watu. Lakini si lake peke yake.

Tazama majirani. Nchini Kenya mtahiniwa husimama mbele ya ubao uliochorwa mji mdogo, wenye mizunguko na makutano, na kuonyesha kwa kigari cha kuchezea jinsi atakavyoingia na kutoka, kabla ya kukaa kwenye gari la kweli. Rwanda huanza na mtihani wa sheria za barabara, humpa aliyefaulu leseni ya muda, kisha polisi humpima barabarani. Tanzania Bara polisi hupima na Mamlaka ya Mapato hutoa leseni, ilhali Zanzibar ina utaratibu wake. Huko Oman, ambako wako Waswahili wenye mababu waliopita Kasongo, mwanafunzi hurudisha gari kinyumenyume kati ya mapipa bila kuyagusa.

Kila nchi hupima kile inachokiogopa. Nairobi inaogopa makutano, ndiyo maana kuna ubao. Kusini mwa Maniema pangepaswa kupimwa nini? Daraja la miti, tope la mwezi wa Machi, kupanda na kushuka kivuko, moto yenye abiria wawili kwenye mteremko. Hakuna hata kimoja kinachohitaji taa za rangi tatu.

Na jambo jingine limeongezeka. Kongo inaendesha upande wa kulia. Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia zinaendesha kushoto. Magari mengi yanayoshushwa mashariki yana usukani upande wa kulia, kwa hiyo dereva amekaa kandokando ya korongo na, akitaka kulipita gari la mbele, haoni anayemjia mpaka gari lichungulie. Tangu mwaka 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mfanyabiashara wa Kabambare anayevuka ziwa hadi Kigoma, jirani na Ujiji ileile ya misafara, akikodi moto huko lazima abadilishe upande.

Historia hii inaonyesha kitu kinachowezekana. Wakaguzi wawili, wakipanda kutoka Kindu mara mbili kwa mwaka, wakakaa juma moja Kasongo na juma moja Kabambare, wangewapima vijana kwenye njia zao wenyewe, na madereva wazee waliowahi kuwa maboi-shofa wangekaa pamoja nao kama mashahidi wa ufundi. Wazee hao bado wapo, na baadhi yao wanasikiliza redio hii sasa hivi. Kipindi kijacho kitakuwa nao, wakisimulia kivuko cha Lualaba kilivyopakiwa malori, na ishara ipi ya mkono ilimaanisha nini.