Tusinunue Pinde, Tununue Viachio

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wanafunzi, jioni ya siku ya kwanza ya mkutano wa mwaka)



Katibu aliniandikia akiniomba niseme machache juu ya zile pinde sita ambazo wenzetu waishio Marekani wameiletea shule. Aliniomba mimi kwa kuwa nilipokuwa masomoni huko nilijiunga na chama cha walenga shabaha cha chuo, na tangu hapo mchezo huo sijauacha. Lakini sikuja kusimulia habari za ughaibuni. Kesho asubuhi mkutano utapiga kura juu ya fedha zilizobaki katika mfuko wa michezo, na ajenda inasema, "kununua pinde mbili zaidi." Nasimama hapa kuomba tusinunue hata upinde mmoja. Tununue viachio.

Naona wengine wanatazamana. Kiachio ni kile chombo kidogo cha chuma ambacho mpiga upinde hukivaa mkononi au hukishika kiganjani, kikaushika upote badala ya vidole vyake, kisha kikauachia anapokitaka kiuachie. Upote, kwa wale walioanza kusahau Kiswahili chetu, ni ule uzi wa upinde.

Ili mjue kwa nini chombo hicho ni cha lazima, hapana budi nianze na upinde wenyewe. Upinde tuliouzoea huku kwetu, wa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi kwa mfano, ni ufito mmoja na upote wake. Kadiri unavyouvuta ndivyo unavyozidi kuwa mzito, na ukifika mwisho wa mvuto ndipo unapoubeba uzito wote. Upinde huu wa Kimarekani ni wa namna nyingine. Mtu mmoja wa Missouri, Holless Wilbur Allen, alipeleka maombi ya hati ya uvumbuzi mwaka 1966, akapewa mwaka 1969. Alikuwa ametia roda katika ncha mbili za upinde, na tundu la ekseli akalitoboa pembeni badala ya katikati. Ukiuvuta upinde wa namna hiyo, uzito hupanda mpaka kilele, kisha roda zikizunguka uzito huanguka ghafla. Upinde wa ratili 50 unaopunguza asilimia 75 hukuachia ratili 12 na nusu tu za kushikilia wakati unalenga. Kijana wa kidato cha pili anaweza kutulia nao akahesabu mpaka kumi.

Hapo ndipo shida ya vidole inapoanza. Upinde wa roda ni mfupi, kwa hiyo ukivutwa mpaka mwisho upote hukunjika kwa pembe kali na kuvibana vidole vitatu juu ya mshale. Pia, kwa kuwa uzito umepungua, upote hauruki wenyewe kutoka vidoleni kama unavyofanya katika upinde mzito. Unajiviringisha, unasukumwa kando, na mshale unaondoka ukijipinda kushoto na kulia kama nyoka. Wapo waliozoea kuupiga kwa vidole wakafanikiwa, lakini hao huchagua pinde ndefu kuliko hizi zetu. Hizi sita nimezipima jana. Ni fupi zote.

Wazo la kuweka kitu kati ya mkono na upote ni la zamani sana. Waturuki, Wamongolia na Wachina walivaa pete katika kidole gumba, ya mfupa, ya pembe au ya jiwe, wakavutia upote nyuma ya pete hiyo. Mwaka 1885 Mmarekani Edward S. Morse, aliyewahi kufundisha Japani, alichapisha uchunguzi wake juu ya namna mataifa mbalimbali yanavyouachia mshale, akazipanga namna hizo katika makundi. Jambo ambalo sisi tungelipita bila kulitazama, yaani vidole vinakaaje, yeye aliliona ni elimu kamili.

Sasa viachio vyenyewe. Vipo vya aina nyingi, lakini kwa shule yetu yatosha kujua vinne.

Cha kwanza hufungwa katika kifundo cha mkono kwa ukanda, nacho hufyatuliwa kwa kidole cha shahada, kama bunduki. Ndicho kinachojulikana zaidi kwa wawindaji wa Marekani, na wengi huanzia hapo. Faida yake ni kwamba kifundo ndicho kinachovuta, vidole vinapumzika, tena hakianguki ukakipoteza majanini. Ukikinunua, chagua ukanda wenye bakoli na matundu, kama wa saa, wala usichague ule wa utepe wa kunata. Ukanda wa bakoli hurudi tundu lile lile kila siku. Wa kunata leo umekaza, kesho umelegea, na urefu wa mvuto wako umebadilika bila wewe kujua.

Cha pili hushikwa kiganjani kwa vidole vitatu au vinne, na kidole gumba hubonyeza kijiti. Cha tatu hakina kifyatulio hata kidogo: ni bawaba. Unakivuta, unatuliza mkono shavuni, kisha unaendelea kuvuta kwa misuli ya mgongo. Kiganja kinajigeuza kidogo, bawaba inazunguka, upote unaondoka. Cha nne hufanana na hicho kwa sura, lakini chenyewe hufunguka mvuto unapozidi kiasi ulichokipanga. Wakati wa kuvuta unashikilia kizuizi kwa kidole gumba, ukishatulia unakiachia, unaendelea kuvuta mpaka kitoe chenyewe.

Mtaniuliza, kwa nini mtu ajisumbue na kiachio ambacho hajui kitatoa saa ngapi? Hili ndilo kubwa kuliko yote nitakayosema leo, naomba mlisikilize hasa ninyi wanafunzi. Upinde wa roda ukishavutwa ni mwepesi, na alama ya kulengea inaelea juu ya shabaha. Inapita katikati, inatoka, inarudi. Mtu mwenye kifyatulio chepesi huanza kusubiri ile nukta alama inapopita katikati, na hapo akili hupiga kelele, "Sasa!" Kidole kinakurupuka, bega linaruka, mshale unakwenda pembeni. Akifanya hivyo miezi michache, ugonjwa unamwingia. Waingereza na Wamarekani wameupa jina. Mimi nauita hofu ya shabaha. Mgonjwa hawezi tena kuileta alama katikati bila kidole kufyatuka, au humganda chini ya shabaha isikubali kupanda. Nimeona watu wazima, hodari kabisa, wakiacha mchezo kwa sababu hiyo tu.

Kwa hiyo kiachio hakikuondolei kazi ya kuachia. Kimeitoa vidoleni kikaipeleka kichwani. Ndiyo maana nasema bei si kipimo. Kipimo ni kama chombo hicho kitamfundisha kijana kuvuta au kitamfundisha kudonoa.

Ushauri wangu ni huu. Mwanafunzi aanze na kile cha kidole gumba, kifyatulio chake kikiwa kizito, wala asiruhusiwe kukilegeza. Akizungushe kidole gumba juu ya kijiti mpaka kijiti kikae karibu na shina la kidole, si nchani, kisha avute kwa mgongo mpaka kitoe. Cha kifundoni nacho si kibaya, mradi kidole cha shahada kikiambae kifyatulio kwa pingili ya pili, tena shina la kiachio lifupishwe mpaka kidole kifike bila kunyooka. Najua Ndugu Mweka Hazina anakipenda hicho kwa kuwa bei yake ni ndogo. Nakubali bei ni ndogo. Lakini kinafanana mno na bunduki, na vijana wote waliotazama sinema wanajua bunduki hufyatuliwaje.

Kile cha bawaba kinunuliwe kimoja tu, kikae kwa mwalimu. Ni daktari mzuri wa hofu ya shabaha, lakini kina hatari yake: ukikivuta vibaya, kikazunguka kabla hujafika mwisho, mkono wako wenyewe utakupiga mdomoni kwa nguvu zote za upinde. Asikiguse mtu kabla hajafanya mazoezi ya siku nyingi kwa kipande cha kamba kilichofungwa kitanzi, urefu sawa na mvuto wake, mkono mmoja ukishika kamba badala ya upinde. Kamba haivunji jino.

Sasa niseme juu ya mahali kiachio kinaposhika. Pinde zetu tano hazina kitanzi. Maana yake ni kwamba mdomo wa chuma utauma upote wenyewe, chini ya mshale. Hilo lina ubaya wa namna tatu: nyuzi zilizozungushwa katikati ya upote hukatika upesi, mvuto unatoka chini ya mshale badala ya nyuma yake, na upote hujisokota, lile tundu la kulengea lililomo ndani yake likageuka upande, usione kitu.

Dawa yake ni kitanzi cha kamba ngumu ya poliesta, unene kama milimita 2, chenye umbo la herufi D. Hukatwa kipande cha sentimita 10 au 11, ncha zikachomwa kwa moto mpaka ziwe vidonge, kisha hufungwa fundo moja juu ya mshale na jingine chini, mafundo yakielekea pande zinazopingana ili kitanzi kisizunguke. Hukazwa kwa koleo, kwa nguvu, mpaka ufikiri kitakatika. Afadhali kikatike koleoni kuliko usoni. Kati ya mafundo iachwe nafasi ndogo, kwani upote unapokunjika mafundo husogeleana, na yakilibana tako la mshale yataunyanyua. Kitanzi kikianza kutoa manyoya, kitupwe siku hiyo hiyo. Kikikatika wakati umevuta, utajipiga ngumi. Basi hicho ndicho chombo chenye faida kubwa kuliko vyote katika mchezo huu, na gharama yake ni kipande cha kamba.

Zipo pia fremu ndogo za chuma zinazofanya kazi ya kitanzi. Mimi sizitaki kwa shule. Zinaongeza uzito katikati ya upote na kupunguza mwendo wa mshale.

Nirudi kwenye kura ya kesho. Tuna pinde sita na viachio viwili, navyo ni vya kifundoni, saizi ya mtu mzima. Mtasema, vijana wapokezane. Haifai. Kiachio na kitanzi ni sehemu ya urefu wa mvuto. Mkono wa kijana wa miaka 14 na wa kijana wa miaka 18 si sawa, na kila unaporefusha shina ama kuhamisha tundu la ukanda, unamwondolea mwenzako kila kitu alichokizoea wiki nzima. Upinde mmoja waweza kupokezanwa na vijana watatu wenye mvuto unaolingana. Kiachio ni kama viatu vya mpira. Ukiwa na pinde nane na viachio viwili, unao wapigaji wawili na watazamaji wengi.

Liko jingine. Hapa shuleni wapo vijana wenye ulemavu wa viungo, na mpaka sasa siku ya michezo huwa wanakaa kivulini kushika saa. Matt Stutzman wa Marekani alizaliwa bila mikono. Hushika upinde kwa mguu, kiachio kimefungwa begani, naye hukifyatua kwa taya. Alipata medali ya fedha London mwaka 2012, na ya dhahabu Paris mwaka 2024. Huko huko Paris, binti wa Kihindi Sheetal Devi, asiye na mikono pia, alipata shaba pamoja na Rakesh Kumar. Kwa watu hao kiachio ndicho mkono. Naomba fedha za kutengeneza ukanda mmoja wa begani ziwemo katika hesabu, na fundi wetu wa ngozi pale mjini ataweza kuushona.

Wanaotaka kwenda mbali wajue kanuni. Katika mashindano ya dunia kiachio kinaruhusiwa kwa upinde wa roda, mradi kisiunganishwe na upinde wala kisiwe na umeme. Upinde usizidi ratili 60, na shabaha ya sentimita 80 hupigwa kutoka mita 50. Tena mwaka 2025 Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilikubali upinde wa roda uingie katika Michezo ya Los Angeles ya 2028, kwa timu za mchanganyiko wa mwanamume na mwanamke.

Kabla ya kuagiza chochote, Katibu aulize forodha na polisi wa wilaya kwa maandishi, nasi tuweke nakala ya majibu. Na mtu yeyote asiuvute upinde wa roda akauachia bila mshale, hata kwa mzaha. Nguvu ambayo ingekwenda na mshale hurudi katika mikono ya upinde na kuipasua.

Kamba ya poliesta nimekuja nayo, mita 5, pamoja na koleo na kiberiti. Vipo juu ya meza ile karibu na mlango. Wanafunzi watakaopenda kujifunza kufunga kitanzi wabaki baada ya chai, tuzivishe zile pinde tano usiku huu huu.