Oili Inapodondoka Mchangani

Mazungumzo na madereva, waweka hazina na wanachama wa vikundi vya kujisaidia vya Lodwar na Kakuma

Asanteni kwa kufika, hasa nyinyi mliotoka Kakuma alfajiri. Kilomita kama 120 juu ya lori si mchezo.

Niliombwa niseme juu ya utunzaji wa magari ya vikundi. Nimechagua kitu kimoja tu, sampu, yaani lile bakuli la chuma lililo chini ya injini, ambamo oili hukaa. Najua wengine mnajiuliza mtu wa maendeleo ya jamii amejulia wapi mambo ya sampu. Kweli mimi si makanika. Lakini nimekaa miaka mingi na vitabu vya hesabu vya vikundi, na nimeona risiti moja ya gereji ikimeza pesa za vikapu vya mwaka mzima. Kwa hiyo nilianza kuwauliza mafundi maswali, na kulala chini ya gari nione mwenyewe.

Wazee mnakumbuka barabara yetu. Lami ya kutoka Kitale kuja Lodwar ilijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Norwei. Mwaka 1990 serikali yetu ikavunja uhusiano na Norwei, msaada ukakatika, na lami ikaanza kufa. Ilifika mahali madereva wakaacha barabara na kupita kando, porini, maana mawe ya porini yalikuwa na huruma kuliko mashimo ya lami. Miaka ya karibuni barabara kuu imejengwa upya kwa sehemu kubwa. Lakini magari ya vikundi hayafanyi kazi kwenye barabara kuu peke yake. Yanakwenda Letea, yanakwenda Oropoi, yanavuka laga. Na sampu ndiyo iko chini kabisa. Jiwe likiruka, hiyo ndiyo inapigwa.

Sasa, dereva anaona tone la oili mchangani. Anasema, "Sampu inavuja." Ngoja kwanza! Oili hushuka. Inaweza kutoka juu, kwenye kifuniko cha vali, au kwenye filta, au kwenye oili sili ya mbele au ya nyuma, ikateremka na kupeperushwa na upepo wa safari, mpaka sampu yote ikalowa na kuonekana ndiyo mwenye kosa. Kwa hiyo osha injini vizuri kwa dizeli kidogo na brashi, halafu sabuni na maji. Endesha kama nusu saa. Zima, chukua tochi, anza kutazama juu ukishuka chini. Pale unyevu wa kwanza unapoonekana ndipo penye ugonjwa. Mara nyingine utakuta ni nati ya kumwagia oili tu, imefungwa bila washa yake, na umeokoa kazi ya siku mbili.

Angalieni pia bomba la kupumulia la injini. Huku kwetu vumbi na oili huligandisha. Likiziba, injini haina pa kupumua, na pumzi hiyo husukuma oili itoke penye udhaifu wowote. Mtafunga sampu mara tatu, na mara tatu itavuja.

Kama ni sampu kweli, tazameni kama inatoka bila kuinua injini. Kwa magari mengine ekseli ya mbele au chuma cha fremu huzuia. Hapo pelekeni kwa fundi. Kama inatoka, kazi hii mnaweza kuifanya nyumbani, watu wawili wenye subira.

Naomba mnisikilize hapa. Jeki peke yake isiwe ndiyo inayoshika gari juu ya mtu. Mchanga wetu unazama. Wekeni ubao mpana chini ya jeki, na mkishainua, gari likae juu ya magogo mazito ya mti au stendi za chuma. Matofali ya simiti yenye matundu hayafai. Yanapasuka bila kutoa habari. Magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe. Fanyeni asubuhi mapema, kabla upepo haujaanza kubeba mchanga, maana mkishatoa sampu, tumbo la injini liko wazi. Lifunikeni kwa kitambaa safi wakati wote ambao hamlifanyii kazi.

Mwageni oili ikiwa na joto kidogo, si ya moto. Vaeni glavu mkiwa nazo. Oili iliyotumika ina vitu vinavyodhuru ngozi, na mtu anayeishika kila wiki bila kunawa anaweza kupata hata kansa ya ngozi. Fungueni bolti zote, acheni mbili za pembeni mpaka mwisho ili sampu isiwaangukie. Ikiwa imeng'ang'ania, msiichokoe kwa bisibisi kubwa kama mnafungua kopo. Mtakunja mdomo wake, na mdomo uliokunjwa ndio uvujaji wa kesho. Piga ubavuni taratibu kwa kipande cha mbao na nyundo mpaka iachie.

Sasa kazi yenyewe ni kusafisha. Mafundi wazuri wote niliowauliza wameniambia kitu kimoja, kila mmoja kwa maneno yake: silikoni haishiki juu ya mafuta. Sugueni masalio yote ya gasketi na silikoni ya zamani, kwenye sampu na kwenye injini pia. Kama upande wa injini ni aluminiamu, tumieni kipande cha plastiki ngumu au mbao, kwa sababu chuma kitachimba mifereji. Osheni sampu kwa mafuta ya taa, kisha sabuni na maji, kisha ikauke. Mwisho pangusa mdomo wake kwa kitambaa chenye tina kidogo, nje penye hewa, mbali na jiko la makaa na mbali na mtu mwenye sigara. Petroli msitumie kabisa kuoshea. Mnajua mvuke wake unavyotambaa chini kutafuta moto.

Ikiwa safi, iwekeni kifudifudi juu ya kipande cha kioo cha dirisha. Mtaona mwanga unapita wapi. Mara nyingi chuma kimevutwa kuelekea juu kuzunguka kila tundu la bolti, kwa sababu mtu alikaza kwa hasira. Wekeni mdomo juu ya gogo gumu, gonga taratibu kwa nyundo ndogo mpaka usawa urudi. Hii kazi ya dakika kumi ndiyo watu huiruka, halafu wanaleta silikoni nyingi kuziba uvivu wao.

Kama mnashuku tundu, kuna njia rahisi. Paka chaki upande wa nje, mimina mafuta ya taa ndani, acha saa chache. Mafuta ya taa hupenya mahali oili inaposhindwa, na chaki itaonyesha doa. Tundu la sampu ya chuma huchomelewa na fundi, baada ya kuoshwa na kukauka kabisa. Mkiwa porini, ile gundi ya chuma ya sehemu mbili inayochanganywa inaweza kuwafikisha nyumbani. Wazee wa safari husugua sabuni ya mche kwenye ufa wa tangi la petroli, na inasaidia. Lakini kwenye sampu oili ni ya moto, sabuni haidumu. Msiitegemee.

Halafu kutu. Sugueni nje kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae. Chokoeni kwa ncha ya bisibisi pale palipoliwa. Kama inaingia, sampu hiyo ni ya kutupwa au kupigwa kiraka. Kama ni ngumu, paka praima ya kuzuia kutu, ikauke, kisha rangi nyembamba mara mbili. Rangi ni ya nje tu. Ndani msipake hata tone, na mdomo pia usipate rangi. Oili ya moto itaibambua rangi ya ndani, na vipande vyake vitakwenda kwenye chujio la pampu.

Hapo kwenye chujio ndipo nataka tukae kidogo. Kuna kikundi kimoja cha akina mama, sitakitaja jina, ambacho pikapu yao ilikuwa inadondosha. Mtu akawafungia sampu kwa silikoni nyingi, kidole kizima, kuzunguka yote. Kwa nje ilipendeza, hakuna tone. Lakini silikoni ikikandamizwa, nusu hutoka nje na nusu huingia ndani. Ile ya ndani ilikatika vipande, ikanyonywa na pampu, ikaziba chujio. Oili ilikuwa imejaa, dipstiki inaonyesha sawa, na injini inakufa kiu! Taa nyekundu ikawaka njiani. Dereva akafikiri ni waya, akaendelea. Walilipa injini. Akina mama wale walikuwa wameanza na tone moja kwa siku.

Kwa hiyo: uzi mwembamba, milimita tatu mpaka tano, bila kukatika, ukipita upande wa ndani wa matundu ya bolti. Nunueni silikoni ya injini inayovumilia oili na joto. Ile ya madirisha na masinki si yake. Magari mengi ya Toyota hata kiwandani hayana gasketi hapo, ni silikoni tu. Gari lililotoka na gasketi ya koki au karatasi, lirudishiwe gasketi mpya. Mkishapaka, inueni sampu mara moja, dakika chache tu, msisimame kuzungumza. Ingizeni bolti zote kwa vidole kwanza. Kisha kazeni kuanzia katikati kwenda pembeni, mkivukavuka kushoto na kulia, kidogo kidogo. Nyingi ni bolti ndogo za spana namba 10. Shikeni spana karibu na kichwa chake, nguvu ya kifundo cha mkono inatosha. Kijana mwenye misuli apewe kazi ya kushika tochi.

Halafu subirini. Watu wa Turkana tunafikiri jua letu litakausha kila kitu kwa saa moja. Silikoni si kama udongo. Inashika kwa kuvuta unyevu ulio hewani, na hewa yetu ni kavu. Juu itaonekana ngumu, ndani bado ni laini. Iacheni usiku kucha kabla ya kumimina oili. Asubuhi mimina, kiasi kile cha kitabu cha gari, filta mpya. Washa, tazama taa ya oili izime upesi, zima, pima tena. Baada ya safari ya kwanza laleni chini tena na tochi. Mweka hazina aandike tarehe na kilomita kwenye daftari.

Nimalizie na ile oili chafu. Nimeona inamwagwa lagani. Ndugu zangu, tunachimba maji wapi? Lodwar tuna Turkwel na Kawalase, Kakuma kuna Tarach. Maji yako chini ya mchanga uleule, na mama atakuja na jerikani kesho. Wengine wanapaka mbuzi na ngamia wenye ukurutu. Mnyama hujilamba, na mtoto hunywa maziwa. Iwekeni kwenye jerikani yenye kifuniko, iliyoandikwa "oili chafu" kwa herufi kubwa, isije ikachanganywa na ya maji. Mkiipata ya kutosha iende kwa mafundi wa gereji mjini wanaoikusanya. Vikundi viwili au vitatu vinaweza kuchanga nauli ya mzigo huo.

Basi tunywe chai. Baadaye tutakwenda nyuma ya jengo, pikapu iko juu ya magogo tayari na oili imemwagwa tangu asubuhi. Leteni magunia ya kulalia, na mwenye kipande cha kioo cha dirisha akilete.