Swali Lisifichwe: Hotuba kwa Wanafunzi, Kigwa



Njia ipitayo Kigwa ni ya kale. Mwaka 1857 msafara wa Richard Burton na John Speke uliipita ukielekea Kazeh, yaani Tabora. Mwaka 1858 Speke alitoka Kazeh hadi ziwa alilolipa jina la Victoria, akakadiria kimo chake kwa kupima joto la maji yanayochemka. Kwa maana kadiri nchi inavyoinuka, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Vyombo vya kupimia vilibebwa na wapagazi. Mwaka 1859 Speke alitoa taarifa mbele ya wataalamu huko London. Wapagazi, walioijua njia kuliko yeye, hawakuulizwa neno.

Karne moja baadaye, mwaka 1963, mwanafunzi Erasto Mpemba wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu. Kwa kuogopa kukosa nafasi katika jokofu, aliingiza maziwa yakiwa bado ya moto. Yaliganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimjibu kwamba amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dk. Denis Osborne, mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake walicheka. Mgeni hakucheka, aliahidi kulijaribu jambo hilo. Mwaka 1969 majina ya wote wawili yalitokea katika jarida la Physics Education, na jambo hilo likaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote.

Habari hiyo haiishii hapo. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha vipimo vyao, wakasema hawakuona uthibitisho wa kutosha. Wengine wameendelea kulitafiti. Je, Mpemba aliaibika? La, hasha! Swali lililosemwa hadharani hupimwa, hurekebishwa na kuzaa maswali mengine. Lililofichwa daftarini hufa pamoja na mwenye daftari.

Kwa sababu hiyo, mwanafunzi Mkristo apatapo mwaliko wa kongamano la wanasayansi Wakristo, asiende kuwa msikilizaji tu. Makongamano ya namna hiyo si mapya: huko Marekani chama cha American Scientific Affiliation kilianzishwa mwaka 1941 kwa kazi hiyo. Aende na utafiti wake mwenyewe. Mkoa wa Tabora una maswali tele. Bani moja la kukaushia tumbaku hula kuni kiasi gani, na miombo huchukua miaka mingapi kurudi? Mzinga wa magome ukilinganishwa na mzinga wa mbao, upi hutoa asali zaidi, na kwa gharama ya miti mingapi?

Mwenye kutoa mada aseme mambo manne: ameuliza nini, amepima namna gani, ameona nini, na ni wapi ambapo hana hakika. Hilo la nne wengi hulificha kwa hofu. Lakini kukiri mpaka wa ujuzi ni unyenyekevu, na Mkristo hapaswi kuuonea haya. Wala asiongeze tarakimu ili ipendeze, kwa kuwa amri isemayo usishuhudie uongo haikomei mlangoni mwa maabara. Akiulizwa swali lisilo na jibu, na aliandike. Huenda ndilo utafiti wake wa mwaka ujao.

Usharika nao una sehemu yake. Nauli ya kijana mmoja ni sadaka ya kazi ya Mungu, sawa na bati la paa la kanisa. Tena mtoto aulizapo jambo la ajabu nyumbani au katika shule ya Jumapili, mzazi asicheke.

Zamani Kigwa ilipitiwa na vyombo vya watu wengine. Sasa watoto wake wapime, na waseme walichokiona.

Bwana awabariki. Amina.