Asilimia ya ulemavu: daktari anapima mwili au anapima kazi?

Haya ni maneno niliyozungumza Jumamosi kwenye kikao cha vijana mtaani kwetu. Wengi mliomba niyaandike. Kama kawaida ya uzi huu, hakuna jina la mwanasiasa wala chama. Msiyalete hata kwenye majibu, tafadhali.

Hamjambo wote. Kila msimu wa kampeni kuna mtu atasimama jukwaani aulize, "Hawa wenye ulemavu wanaopewa nafasi, ni nani amehakikisha kweli wako hivyo?" Swali ni halali. Shida ni kwamba hapo asilimia mbili huchanganywa.

Ya kwanza ni ya nafasi. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinataka, hatua kwa hatua, angalau asilimia 5 ya nafasi za umma za kuchaguliwa na kuteuliwa ziende kwa watu wenye ulemavu. Ya pili ni ile daktari anayoandika kwenye fomu yako. Ya kwanza bado tuko mbali nayo. Tunayogombania ni ya pili.

Mbona tunaigombania? Kuna kitu mezani. Mtumishi wa umma hustaafu akiwa na miaka 60, mwenye ulemavu aliyesajiliwa ni 65. Tena akipata cheti cha msamaha, shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake kwa mwezi hazikatwi ushuru. Sasa mtu ana miaka 59, maisha yote hajawahi kutaja ulemavu, ghafla mgongo! Watu kama hao wapo, na wanatuharibia. Siwatetei.

Basi mwanasiasa anasema tuweke kiwango kama India. Kweli, sheria yao ya 2016 inasema uanzie asilimia 40 ndipo uingie kwa nafasi zilizotengwa. Inasikika safi. Lakini hiyo nambari inatoka wapi?

Angalieni sheria yetu ya fidia ya majeraha kazini, ya 2007. Ina jedwali: ukipoteza macho yote mawili, asilimia 100. Kwa fidia ni sawa, mtu amepoteza na alipwe. Lakini ukilisoma hilo jedwali kama kipimo cha kazi, utasema asiyeona hawezi chochote. Na hapa Kenya tuna walimu wasioona na mawakili wasioona, wako kazini leo.

Sasa mimi. Mguu wangu wa kushoto ulishikwa na polio nikiwa mdogo. Daktari wa kwanza aliandika 40. Fomu ikapotea (msiniulize vipi), nikarudi hospitali nyingine, wakaandika 25. Mguu ni ule ule! Wote wawili walinilaza kitandani, wakakunja goti, wakaandika. Hakuna aliyeniuliza nafanya kazi wapi. Ofisi yangu ilikuwa ghorofa ya nne na lifti ilikuwa imekufa tangu mwaka uliopita. Pale chini kwa lango pengine nilikuwa 25 kweli. Nikifika juu, sijui mngeniandikia ngapi.

Kwa hivyo ukitaka kushika wadanganyifu, anayejitokeza mwishoni mwa kazi aonyeshe rekodi zake za matibabu za miaka iliyopita. Apimwe na jopo, si rafiki yake mmoja mwenye stetoskopu. Na hilo jopo liulize kazi yenyewe ni gani, inafanyiwa wapi, na unafikaje huko. Lakini aliyekatwa mguu msimrudishe hospitali kila mara kuangalia kama umeota tena. Hiyo nauli anaitoa mfukoni mwake, na siku hiyo halipwi kibarua.

Mgombea akija hapa aseme atakaza kiwango, mwulizeni ni kiwango cha nini, na jopo litakaa hospitali gani katika kaunti hii. Mwulizeni pia hiyo hospitali ina ngazi ngapi hadi mlangoni.

Haya, maswali. Wewe wa nyuma mwenye kofia, anza.